Parokia Jirani Zinapoulizwa Swali: Boston, 2004 na 2012



Tafakari ya juma hili haitoki katika masomo ya Dominika. Inatoka katika historia, tena historia ya mbali na kwetu, lakini tunaamini kwamba mwenye kuhudhuria vikao vya dekania ataitambua mara moja. Tunataka kutazama jambo linaloonekana dogo: parokia jirani zinapoitwa kukaa pamoja ili kupanga maisha yao ya mbele, huwa zinaulizwa swali gani?

Mama Kanisa hakulianza jambo hili jana. Mtakatifu Karoli Borromeo, Askofu Mkuu wa Milano, alipoanza kuzitekeleza amri za Mtaguso wa Trento kuanzia mwaka 1565, aliligawa jimbo lake kubwa katika maeneo, na kila eneo la vijijini akaliweka chini ya padre mmoja aliyeitwa kwa Kilatini jina lenye maana ya msaidizi wa askofu kwa watu walio nje ya mji. Padre huyo alikuwa na kazi ya kuwatembelea mapadre jirani, kuwakutanisha, na kumwarifu askofu hali ya waamini. Ndiye babu wa dekano wetu wa leo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 374, unaeleza kwamba parokia kadhaa zilizo jirani zaweza kuunganishwa katika makundi maalumu, kama vile dekania, ili uchungaji ustawi kwa utendaji wa pamoja. Tuzingatie lengo linalotajwa hapo. Sheria haisemi kwamba makundi hayo yapo kwa ajili ya kukusanya michango, wala kwa ajili ya mashindano ya kwaya, ingawa sisi tunazipenda kwaya zetu. Inataja utendaji wa pamoja.

Sasa twende Boston, nchini Marekani. Tumeuchagua mji huo kwa sababu huko, chini ya askofu mkuu mmoja na katika muda wa miaka 8 tu, parokia jirani ziliitwa mezani mara mbili, na mara hizo mbili hazikufanana hata kidogo.

Kwanza tujue parokia hizo zilitoka wapi. Wakatoliki wa Boston walikuwa wahamiaji. Waairlandi waliwasili kwa wingi walipoikimbia njaa kuu ya miaka ya 1840, wakafuatwa na Waitalia, Wapolandi, Walithuania, Wareno na Wakanada wasemao Kifaransa. Kila taifa lilitaka kuungama na kusikia mahubiri kwa lugha yake, nalo likajenga kanisa lake. Ndiyo maana katika mitaa mingine makanisa mawili au matatu yalisimama karibu sana, kila moja likiwa na paroko wake na msimamizi wake mbinguni. Waliyajenga kwa senti za vibarua wa viwandani na wafanyakazi wa ndani. Baadaye, baada ya Vita Kuu ya Pili, familia zilihamia vitongojini, na Kardinali Richard Cushing, aliyeliongoza Jimbo Kuu hilo kuanzia mwaka 1944 hadi 1970, akawafuata huko na kuanzisha parokia nyingi mpya. Yale ya zamani mjini yalibaki, watu wakipungua.

Kufikia mwanzo wa mwaka 2004 Jimbo Kuu la Boston lilikuwa na parokia 357. Maparoko wengi walikuwa wamezeeka, waseminari walikuwa wachache, na parokia nyingi zilitumia fedha kuliko zilizopata. Juu ya hayo kulikuwa na kidonda kibichi. Mwaka 2002 ilifichuliwa kwamba mapadre waliowadhulumu watoto walikuwa wakihamishwa kutoka parokia moja hadi nyingine bila waamini kuambiwa. Kardinali Bernard Law alijiuzulu mwezi Desemba mwaka huo. Aliyemrithi, Askofu Mkuu Seán O'Malley, Mkapuchini, alisimikwa Julai 2003, na miezi michache baadaye Jimbo Kuu lilikubali kuwalipa wahanga fidia ya dola milioni 85. Lilipofika suala la kupunguza parokia, viongozi walisisitiza kwamba fedha za makanisa hazitatumika kulipa fidia hiyo. Watu wengi hawakusadiki. Anayekumbuka walivyokuwa wamedanganywa hawezi kuwashangaa.

Katika hali hiyo parokia jirani zikaitwa. Tayari zilikuwa zimepangwa katika makundi, mfano wa dekania ndogo. Mapema mwaka 2004 kila kundi lilitakiwa likutane, maparoko pamoja na wawakilishi wa walei, kisha lipendekeze kwa Askofu Mkuu ni parokia ipi miongoni mwao ifungwe, iwapo italazimu mojawapo ifungwe. Walipewa majuma machache tu. Majibu yalitakiwa mwezi Machi.

Tulitafakari swali hilo polepole. Majirani ambao kwa miaka mingi walikutana kwa shida, ambao wengine hawakuwa wamewahi kufanya hata Njia ya Msalaba kwa pamoja, wanaitwa mezani kwa mara ya kwanza, na neno la kwanza wanaloambiwa ni hili: mtajeni atakayekufa. Kila mjumbe alikuja akiwa na hesabu zake chini ya kwapa. Wengine walionyesha idadi ya ubatizo, wengine ukubwa wa maegesho ya magari, wengine uimara wa paa. Parokia ndogo iliyokaa mezani na kubwa mbili ilijua matokeo kabla ya sala ya kufungua kikao. Hata waliopona walirudi nyumbani na doa, kwa maana walikuwa wamewapigia kura ndugu zao. Katika swali lenyewe hamkuwa na nafasi ya kusema: tunaweza kufanya katekesi pamoja, tunaweza kumtunza padre mmoja sisi watatu, tunaweza kuwatembelea wagonjwa wa hospitali iliyo katikati yetu.

Tarehe 25 Mei 2004 barua ziliwafikia maparoko. Parokia 65 zingefungwa.

Lililofuata halikutegemewa na wengi. Mwezi Agosti, huko Weymouth, waamini wa parokia ya Mtakatifu Alberto Mkuu walikataa kutoka kanisani baada ya Misa ya mwisho. Wakakesha humo. Wengine wakaiga. Askofu Mkuu aliunda kamati ya kuyapitia upya maamuzi, na baadhi yake yakatenguliwa. Parokia hiyo ya Weymouth ilirudishwa mwaka 2005. Mwezi Novemba 2004 Askofu Mkuu mwenyewe aliwaandikia waamini barua iliyosomwa mbali sana na Boston, akikiri kwamba kuna nyakati alimwomba Mungu amwite nyumbani na kumwachia mwingine kazi hiyo. Hatuwezi kumtazama kama mtu katili. Alikuwa ameuza hata jumba la maaskofu wakuu waliomtangulia, na yeye akaishi katika nyumba ya mapadre ya Kanisa Kuu, katika mtaa wa kawaida.

Mkesha uliodumu kuliko yote ulikuwa Scituate, mji mdogo wa pwani kusini mwa Boston, katika kanisa la Mtakatifu Fransiska Saveri Cabrini. (Msimamizi huyo, mtawa mhamiaji kutoka Italia, ndiye raia wa kwanza wa Marekani kutangazwa mtakatifu, mwaka 1946.) Mwezi Oktoba 2004 waamini waliingia kanisani na kupeana zamu, mchana na usiku, ili jengo lisiwe tupu hata saa moja. Walikata rufaa Roma, wakashindwa. Walikwenda mahakama za serikali, wakashindwa. Mwezi Mei 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi yao, nao wakatimiza ahadi waliyokuwa wametoa, wakafanya ibada ya mwisho na kutoka. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 11. Watoto waliobebwa mgongoni siku ya kwanza walikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Baadhi ya wakeshaji hawakujiunga na parokia jirani. Waliendelea kusali peke yao, nje ya mamlaka ya Jimbo Kuu.

Tunajua wapo watakaosema kwamba hao walikuwa wakaidi, na kwamba utii ni fadhila. Ni kweli ni fadhila. Lakini mtu anayekesha katika kanisa baridi kwa miaka 11 hafanyi hivyo kwa kupenda mabenchi. Wazee wake walizikwa kutoka hapo, watoto wake walibatizwa hapo, na hakuna aliyemuuliza lolote isipokuwa kupitia meza ile ya kura. Kwa maoni yetu, hasara kubwa ya mwaka 2004 haikuwa majengo. Ilikuwa kwamba neno kupanga pamoja lilipata harufu ya mauti, na kwa miaka mingi baadaye paroko aliyewaalika jirani kwenye kikao chochote aliulizwa kwanza: ni nani anafungwa safari hii?

Kulikuwa pia na suala la mali, nalo linafaa kujulikana hata na halmashauri zetu za fedha. Parokia zilipofungwa, mali zake zilichukuliwa kuwa zimerudi kwa Jimbo Kuu, kana kwamba parokia hizo zilitoweka pamoja na watu wake. Roma ilitazama jambo hilo kwa namna nyingine. Mwezi Machi 2006 Kardinali Darío Castrillón Hoyos, aliyekuwa mkuu wa Baraza la Kipapa la Wakleri, aliwaandikia maaskofu wa Marekani kwamba kwa kawaida parokia inapofungwa, waamini wake hawatoweki. Wanaunganishwa na parokia nyingine, na kwa hiyo kanuni zinazohusika ni zile za muungano, yaani mali na madeni huwafuata waamini kule waendako. Huko Boston ilibidi maparoko wa parokia zilizowapokea waamini waombwe ridhaa kuhusu mali hizo. Kwa lugha ya nyumbani: bibi harusi haendi kwa mumewe mikono mitupu ilhali sanduku lake limebaki kwa wajomba.

Miaka ikapita. Kufikia mwaka 2012 parokia zilibaki 288, na shida za awali zilikuwa zimeongezeka. Wakatoliki walihesabiwa kuwa wapatao milioni 1.8, lakini waliohudhuria Misa ya Dominika walikuwa karibu 16 tu katika kila 100. Jimbo Kuu lingeweza kutoa orodha nyingine ya kufunga. Badala yake tume ya mipango ya kichungaji ilitumia sehemu kubwa ya mwaka huo kuwasikiliza mapadre na walei, ikarekebisha mapendekezo yake, na mwezi Novemba 2012, katika Mwaka wa Imani uliotangazwa na Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita, Kardinali O'Malley aliidhinisha mpango ulioitwa Wanafunzi katika Utume.

Mpango huo ulikuwa hivi. Parokia 288 zilipangwa katika makundi ya ushirikiano yapatayo 135. Kila kundi la parokia mbili au tatu, na machache yenye zaidi au yenye moja tu, lingekuwa na paroko mmoja, timu moja ya uchungaji na halmashauri moja ya kichungaji. Lakini kila parokia ingebaki na jina lake, mali zake, madeni yake na halmashauri yake ya fedha. Hakuna aliyeambiwa amtaje wa kufungwa. Kila kundi liliulizwa jambo jingine: ninyi mlio hapa, mtawapelekaje Injili wale ambao hawaji tena? Jibu lilitakiwa liandikwe, liwe mpango wa kichungaji wa mahali hapo, baada ya paroko na timu yake kupata mafunzo. Makundi ya kwanza 12 yalianza mwaka 2013, wengine wakifuata kwa awamu ili makosa ya wa kwanza yawafae wa nyuma.

Swali lilipobadilika, hesabu zilibadilika matumizi. Katika meza ya 2004, taarifa kwamba jirani yako ana Misa yenye watu wachache ilikuwa silaha. Katika meza ya 2012, taarifa hiyohiyo ilimwonyesha paroko Misa ipi aipumzishe ili apate nafasi ya kukaa kitubioni. Wanaoshughulika na katekesi wanaelewa zaidi: parokia tatu zenye vijana saba saba wa kipaimara hazina darasa, lakini vijana 21 ni darasa, tena lenye kelele.

Hatutaki kuusifu mpango huo kupita kiasi. Paroko mmoja mwenye halmashauri tatu za fedha anakuwa na jioni tatu za vikao badala ya moja. Waamini waliozoea kumwona padre wao katika nyumba iliyo jirani na kanisa waliona taa zimezimwa. Baadhi ya makundi baadaye yaliamua kuwa parokia moja kamili, na si wote waliolipokea hilo kwa furaha. Wala mpango haukuwarudisha kanisani watu waliokwisha kuondoka. Hakuna ratiba ya vikao iwezayo kufanya hivyo peke yake. Tofauti yake na ule wa kwanza ni kwamba walioamua kuungana walikuwa wamefanya kazi pamoja kwanza, wamezika wafu wao pamoja, wamejua majina ya makatekista wa upande wa pili.

Roma nayo iliendelea kufikiri. Mwaka 2020 Baraza la Kipapa la Wakleri lilitoa waraka juu ya wongofu wa kichungaji wa jumuiya ya parokia. Unahimiza parokia jirani kushirikiana, na unataka makundi hayo yazingatie mazingira na maisha halisi ya watu. Kuhusu kufuta parokia unaweka mpaka: upungufu wa mapadre jimboni na hali ya jumla ya fedha za jimbo si sababu za kutosha peke yake. Laiti maneno hayo yangekuwa mezani Boston mwaka 2004.

Sasa, kwetu? Huenda msomaji anasema: hayo ni ya Wamarekani, sisi makanisa yamejaa. Ni kweli, na ndiyo sababu tumeandika. Kwetu ramani hubadilika kwa upande wa pili. Hatuunganishi parokia, tunazigawa. Kigango kinakua, kinajenga nyumba ya padre, kinaomba kuwa parokia. Hapo ndipo majirani huulizwa swali linalofanana sana na lile la 2004, ingawa limevaa nguo ya sherehe: vigango vipi vitakwenda na parokia mpya, na vipi vitabaki na mama? Kila upande unavitaka vile vya barabarani, vyenye walimu, wauguzi na wafanyabiashara. Hakuna anayekigombania kigango cha bondeni ambacho mvua ikinyesha pikipiki haipiti, chenye wajane wengi na katekista anayelipwa mahindi. Kinaandikwa mwisho, chini ya karatasi, katika parokia iliyoshindwa mabishano.

Na hata hivyo kanda yetu ilikuwa na mwanzo mzuri. Maaskofu wa AMECEA, umoja ulioanza mwaka 1961, walipokutana Nairobi mwaka 1973 walikuwa wakilipangia Kanisa la Afrika Mashariki miaka ya 1980 iliyokuwa mbele yao, na hawakuanza na ramani. Walisema maisha ya Kanisa yajengwe katika jumuiya ndogo, pale watu wanapofahamiana. Mwaka 1976 walirudia na kuzifanya jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Katika jumuiya ndogo ndogo mjane wa bondeni ana jina, na mwenyekiti wake anajua kama paa lake linavuja. Tatizo ni kwamba jina hilo likipanda kutoka jumuiya kwenda kigango, kutoka kigango kwenda parokia, kisha dekania, mara nyingi linageuka kuwa tarakimu katika safu ya zaka.

Kwa hiyo kabla ya mipaka ya parokia mpya kuchorwa, tungependa dekania iulizwe ile hoja ya pili ya Boston: ninyi majirani, nani miongoni mwenu atakipelekea kigango cha bondeni Misa kila mwezi, kwa pikipiki ya nani, na mafuta ya nani? Yawezekana jibu likawa kwamba parokia mbili zitasaidiana kwa zamu, hata kama kwenye karatasi kigango ni cha mmoja wao. Yawezekana parokia mama ikakubali kumlipa katekista wake kwa miaka ya mwanzo.

Kanuni ya 515 inasema ni Askofu wa Jimbo peke yake mwenye uwezo wa kuanzisha, kufuta au kubadili parokia, naye hafanyi hivyo kabla ya kulisikia Baraza la Mapadre. Halmashauri ya dekania haina kura hapo. Lakini inaweza kukaa mapema, ikiwa na mwenyekiti wa kigango cha bondeni ndani ya chumba, ikaandika majibu yake na kumkabidhi dekano ayafikishe kwa Askofu kabla ya Baraza hilo kukutana. Hakuna kanuni inayoizuia.